Wiki ya Zabibu, Dodoma

Jumatatu

Umeme ulikatika kabla ya saa sita mchana. Migahawa ya jirani inayopikia umeme ikaacha kupokea oda, na karibu jengo letu zima likateremka Soko la Majengo. Nilipofika kwa mama lishe ninayemzoea, wali ulikuwa umekwisha, maharage yamekwisha, na kipande cha mwisho cha nyama kilikuwa kinapakuliwa kwa mtu aliyenitangulia.

"Mwanangu, leo umebaki ugali wa uwele na mlenda," akasema. Nikakaa.

Hicho ndicho chakula cha eneo hili. Mvua ya Dodoma ni chache, huanza Desemba na kukatika Aprili, na uwele na mtama huistahimili hali hiyo kuliko mahindi. Majani ya mlenda huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa juani, hutwangwa, kisha huwekwa akiba ya kiangazi. Mama huchemsha maji na magadi kidogo, hutia nyanya, unga wa mlenda, na mwishoni karanga zilizosagwa. Sufuria haifunikwi, maana mlenda hufura na kumwagika. Wa leo ulikuwa mzito, unavutika, na nyuma ya utamu wa karanga kulikuwa na uchungu wa mbali wa majani.

Chakula cha namna hiyo kinataka uchachu wa kukata ute na mafuta. Jirani yangu wa benchi alikamulia limau. Mimi nikawaza mvinyo mweupe mkavu wa zabibu za Chenin Blanc, ambazo hulimwa mkoani humu humu. Mlenda ni wa hapa na mvinyo ni wa hapa, na sijaona mgahawa unaoviweka meza moja. Nimeamua kuvikutanisha nyumbani kwangu.

Jumanne

Duka la kwanza lilikuwa na mvinyo kutoka Afrika Kusini na Hispania, na wa Dodoma mtamu peke yake. Duka la pili lilikuwa na chupa ya mweupe mkavu, imesimama rafu ya juu kabisa, dirishani. Lebo ilikuwa imepauka upande mmoja. Rangi ya mvinyo wenyewe ilikuwa imeanza kuwa kahawia.

Nilimwomba muuzaji tuangalie nyingine. Akapanda ngazi, ngazi ikateleza, kreti la soda tupu likaanguka. Hakuna aliyeumia. Alipotulia nikamweleza kwamba joto na mwanga ndio maadui wakubwa wa mvinyo mweupe, hasa ukiwa katika chupa isiyo na rangi. Harufu ya tunda hutoweka, inabaki harufu ya tofaa lililopondeka. Chupa iliyokaa dirishani katika mji ambao mchana wa Septemba na Oktoba hufika nyuzi 30 imekwisha kuharibika kabla ya mteja kuigusa.

"Kaka, mbona hakuna aliyewahi kutuambia?" akauliza. Akaingia stoo, akatoka na chupa iliyokuwa bado ndani ya katoni, safi. Aliahidi kuzihamisha zilizobaki. Nilipotoka alikuwa amekwisha kuanza.

Jumatano

Mama lishe alinifungia mlenda na ugali katika hotpoti. Mvinyo ulikuwa umelala kwenye friji tangu jana. Kizibuo cha nyumbani hakikuonekana. Cha jirani kilikuwa kimekwenda na kijana wake chuoni. Jirani wa pili alileta cha kwake, kimelegea, na kizibo kikakatika katikati. Nusu ikatoka, nusu ikaingia ndani. Tukauchuja kwa chujio la chai.

Yote hayo hayakuuathiri mvinyo. Ulikuwa na harufu ya tofaa la kijani na asali kidogo, na uchachu ulionyooka. Nilimega tonge, nikachovya, nikanywa funda dogo. Ute ulikatika. Karanga zikajitokeza zaidi, na ule uchungu wa majani, ambao kwa limau hufunikwa, ukabaki wazi na kupendeza. Jirani aliyekuja na kizibuo akakaa mpaka hotpoti ikawa tupu. Nimekula na kunywa katika hoteli za gharama kubwa, na sikumbuki mlo uliolingana hivi.

Alhamisi

Baada ya kazi nilikwenda na wenzangu mgahawa mmoja wa Area D wenye perege wa Mtera. Samaki hao hutoka bwawa la Mtera, lililojengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, na huletwa mjini kwa barabara ya Iringa. Pale huwachanja, huwapaka chumvi, tangawizi na limau, na huwabanika taratibu juu ya mkaa.

Tuliagiza chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma. Mhudumu alirudi ameishika kwa kitambaa. Ilikuwa imetoka kwenye friza, imeganda, na kizibo kilikuwa kimesukumwa nje nusu yake kwa sababu mvinyo, kama maji, hutanuka ukiganda.

"Samahani, wateja wengi wanataka ya baridi sana," akasema dada wa watu, na kweli alisikitika.

Tukaiweka mezani. Perege walichukua muda, na muda huo ukatusaidia. Walipotoka jikoni mvinyo ulikuwa umeyeyuka, na chini ya chupa kulikuwa na chembechembe zinazong'aa. Mwenzangu mmoja alidhani ni vioo. Ni chumvi za asili za zabibu ambazo hujitenga mvinyo ukipata baridi kali, hazina madhara. Lakini harufu ilikuwa imefifia. Mvinyo mwekundu hupendeza ukiwa kwenye nyuzi 16 hadi 18 hivi, yaani ubaridi wa asubuhi ya Julai hapa Dodoma. Ukiwa wa moto, pombe ndiyo inayosikika. Ukiwa barafu, hausikiki kabisa. Wanaonijia kusema mvinyo wetu ni mbaya, wengi wao wameunywa katika mojawapo ya hali hizo mbili.

Perege alikuwa bora. Ngozi yake ilivunjika kwa kidole.

Ijumaa

Shangazi amewasili kutoka Tanga kupitia Dar es Salaam, kwa treni ya SGR. Treni ilifika salama. Bajaji ya kutoka stesheni ilipata pancha mara mbili, ya pili ikiwa mbele ya geti. Kapu lake lilikuwa na nazi, na moja ilipasuka njiani ikalowesha kanga. Shangazi hanywi pombe. Nilimwandalia zabibu mbichi za Makutupora, ndogo, nyeusi, zenye ganda gumu na kokwa.

"Hizi si za kula, hizi ni za kazi," akasema baada ya kuonja. Ni kweli. Ganda hilo ndilo linalotoa rangi na ule ukavu unaokaza ulimi.

Jumamosi

Mnada wa Msalato, mimi na shangazi. Unachagua mbuzi, unachagua kipande, kinapimwa, kisha unamkabidhi mchomaji. Tulichagua mguu. Moshi ulikuwa mwingi, upepo ukaleta vumbi, na wakati wa kupakua mguu wetu ukaenda meza nyingine. Tulipogundua, ulikuwa umekwisha kukatwakatwa na kuliwa. Mchomaji akatukabidhi mbavu za kikundi cha meza ile.

Mbavu zina mafuta zaidi, na kwa mvinyo mwekundu hilo ni jambo jema. Ukavu wa mvinyo wa zabibu za Makutupora, tuliokuja nao, hushikana na protini na mafuta ya nyama, mdomo ukasafishika, na tonge linalofuata likaonja upya. Kachumbari yenye pilipili kali huuchokoza mvinyo. Niliiweka kando, nikabaki na chumvi na ndizi choma.

Jinsi tulivyoupoza inastahili kuandikwa. Shangazi alikuwa ameifunga chupa kwa gunia lililoloweshwa na kuiacha kivulini mahali penye upepo, akiifanyia kama mtungi wa maji. Hewa ya Dodoma kiangazi ni kavu mno, kwa hiyo maji ya gunia hukauka upesi na kuondoka na joto. Kule Tanga, ambako hewa imejaa unyevu, njia hiyo hufanya kazi polepole. Hapa, nyama ilipoiva chupa ilikuwa imepoa inavyotakiwa, bila friji. Niliunywea kikombe cha bati.

Jumapili

Baada ya ibada, Hombolo. Barabara ilikuwa na vumbi jingi hata tukafunga vioo, na kiyoyozi cha gari la kukodi hakikufanya kazi. Mzee mwenye shamba alitupokea kwa "Mbukwenyi!" Shangazi akajibu salama, akaenda moja kwa moja kwenye mizabibu.

Wamisionari Wakatoliki ndio walioleta zabibu Dodoma, pale Bihawana, miaka ya 1950. Tangu hapo wakulima wamejifunza jambo ambalo Ulaya hawalihitaji. Kule baridi huulaza mzabibu, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, basi mkasi ndio unaofanya kazi hiyo. Mkulima hupogoa, mzabibu huchipua upya, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Hupata mavuno mawili: ya Februari na Machi, na ya Agosti na Septemba. Ya kwanza huiva mvuani, ubwiri husumbua na sukari huwa pungufu. Ya pili huiva kiangazi, na sukari hupanda. Mzee alinionjesha tunda la msimu huu. Vidole vilinata.

Lori la mnunuzi lilitakiwa kufika jana. Mpaka tunaondoka halikuwa limefika, na kreti za zabibu zilizokatwa zilikuwa chini ya mwarobaini, nyuki wamezizingira. Zabibu zilizokatwa hazisubiri katika joto hili. Ngozi zikipasuka, uchachukaji huanza wenyewe. Mzee na wanawe wakaanza kuzisaga ili wapate mchuzi wa zabibu, ambao hukaa kwenye tangi na kuuzwa kwa viwanda baadaye. Shangazi alivua kandambili, akawasaidia kuondoa vikonyo mpaka jua likapungua.

Ninaandika usiku huu nikiwa na hakika zaidi kuliko mwanzo wa wiki. Mashamba ya hapa hayana kasoro ya kutuzuia. Mvinyo wetu hupotea njiani: kwenye kreti isiyochukuliwa kwa wakati, kwenye rafu ya dirishani, kwenye friza. Kila moja ya sehemu hizo inarekebishika kwa gharama ndogo, na anayelipia tukichelewa ni mzee yule wa Hombolo.

Jumatatu

Nilipita ule mgahawa wa perege kabla ya kazi. Meneja alikuwa akihesabu hasara ya chupa nyingine iliyopasuka usiku kwenye friza. Tukaongea kwa utulivu. Amekubali nyekundu zikae chini ya rafu ya jikoni la nyuma, mahali pasipo na jua, zikitiwa kwenye friji nusu saa tu kabla ya kupelekwa mezani. Nyeupe zikae friji, si friza. Amenunua vizibuo viwili. Amekubali pia kujaribu mlenda wa karanga siku za Jumatano, na kuandika kando yake kwenye menyu: glasi ya mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma. Kwa ombi la shangazi, ameongeza juisi ya zabibu kwa wasiokunywa.