Sifa za Friji Pana katika Jiko Jembamba

Lukiano wa Samosata, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 2, aliandika sifa za nzi, na Erasmus wa Rotterdam akachapisha mwaka 1511 kitabu ambamo Upumbavu unasimama mbele ya watu na kujisifu wenyewe. Kwa hivyo haitakuwa utovu wa adabu iwapo Pemba, kisiwa cha washairi Kamange na Sarahani bin Matwar, itatoa sifa kwa kitu ambacho washairi wake wamekipita bila ya salamu. Kitu hicho ni friji pana. Kwa jina hilo inakusudiwa hapa friji ya milango miwili iliyosimama ubavu kwa ubavu, upande mmoja wa kupoza na upande mwengine wa kugandisha, ambayo imekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Chake Chake, Wete na Mkoani, au angalau imefika mlangoni mwake.

Utukufu wake si wa kale. Mpaka mwaka 2010 Pemba ilitegemea umeme wa mashine za dizeli, na ni katika mwaka huo ambapo waya wa chini ya bahari wenye urefu wa karibu kilomita 78 na nguvu ya kilovolti 33, uliogharamiwa na Norway pamoja na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ulianza kuleta umeme kutoka upande wa Tanga. Kabla ya hapo wengi walitegemea chumvi, jua na upepo: samaki wakafanywa ng'onda, papa na pweza wakaanikwa, na maji yakapoa katika mtungi kwa sababu udongo wake hupenyeza unyevu ambao, ukikauka, huchukua joto la ndani. Njia hizo zote zilikuwa na kasoro moja isiyosameheka, nayo ni kwamba hazikumzuia mtu yeyote kupita.

Fadhila ya kwanza ya friji pana, ambayo yastahiki kuelezwa kwa urefu kwa kuwa ndiyo shina la nyengine zote, ni kwamba inasomesha hisabati. Mtu anaweza kukaa katika nyumba yake miaka 20, akaozesha mabinti na akazika wazee, bila ya kujua upana wa mlango wake. Lakini friji inapoteremshwa garini, ukoo mzima hugeuka wanazuoni wa vipimo. Dhiraa, yaani urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na shibiri, yaani kiganja kilichokunjuliwa kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, hurudi kazini kutoka katika vitabu vya fiqhi zilikokuwa zimepumzika. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba shibiri ya mwenye nyumba, iliyopima friji dukani Unguja, si ndugu wa shibiri ya mchukuzi inayopima mlango Wete. Mlango ukiwa na sentimita 80 na friji ikiwa na sentimita 91, zile sentimita 11 zinazobaki hufungua mjadala ambao kila mpita njia ana haki ya kuuchangia: mmoja hutaka friji iingizwe kwa ubavu, mwengine ataka ivuliwe milango, wa tatu ataka nyumba ndiyo ivuliwe mlango pamoja na fremu yake, na wote husikilizwa kwa heshima hadi anapokuja fundi muashi na patasi, ambaye katika majlisi hiyo ni mtu pekee anayelipwa.

Wala darasa halivunjwi friji inapofika jikoni. Friji nyingi za aina hii hutaka mlango ufunguke kupita nyuzi 90, yaani zaidi ya pembe mraba, ili droo za ndani zipate kuvutwa. Na kwa kuwa jiko jembamba halina nyuzi za kutoa sadaka, mlango hugota ukutani kabla ya kufika hapo, droo ya mboga ikatokeza vidole viwili na kusimama. Mchicha uliotiwa humo siku ya kwanza, pale friji ilipokuwa bado imesogezwa mbele, huhesabiwa tangu hapo kuwa ni amana ya vizazi vijavyo. Kutoa ndimu moja, jambo lililokuwa la mtu mmoja na mkono mmoja, limekuwa shughuli ya jamaa: anayekuna nazi huinuka na mbuzi yake akatoka uani, anayepepeta mchele humfuata na ungo, mtoto hupandishwa juu ya ndoo, mlango hufunguliwa hadi pale unapokubali, ndimu hutoka, kisha msafara hurudi kwa utaratibu ule ule uliotokea. Wanafalsafa wameandika mengi juu ya namna ya kuwafanya watu wafikiri kabla ya kutenda, lakini haijulikani kama yupo aliyefaulu kuliko friji hii, ambayo kwayo mpishi huanza kujiuliza iwapo mchuzi kweli unahitaji ndimu.

Sifa nyengine zitoshe kwa kutajwa. Friji pana huunguruma usiku, hata mpweke hakosi mwenziwe. Ina taa ya ndani, inayomfaa mwizi wa kitoweo. Juu yake hukaa maua ya plastiki, vyeti vya kuzaliwa na sufuria zilizopoteza vifuniko. Na uniti zinapokwisha katika Tukuza, jina linalotumika Zanzibar kwa mita ya umeme wa kulipia kabla, yeye ndiye wa kwanza kutoa habari, kwa kunyamaza.

Ipo pia sifa ya joto. Friji haizalishi baridi, bali huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje: kompresa, yaani pampu inayokandamiza gesi, huisukuma gesi hiyo katika mirija iliyo nyuma au ubavuni mwa friji, nayo huacha humo joto lililotolewa katika samaki na maji, pamoja na joto la kazi ya pampu yenyewe. Joto hilo lisipopata upenyo wa hewa wa kutokea hurudi pale pale lilipotoka, pampu ikafanya kazi bila ya kupumzika na uniti zikaenda mbio. Friji pana iliyobanwa na kuta pande mbili, ikitazamana na jiko la makumbi au la gesi, humpa mpishi moto wa mbele na moto wa nyuma kwa bei ya kifaa cha kupozea. Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili, na ndiyo maana friji huwekewa herufi za daraja la hali ya hewa, yaani kiwango cha joto la chumba ambamo imekusudiwa kufanya kazi: daraja N huishia nyuzi 32 za selisiasi, daraja ST nyuzi 38, na daraja T, la nchi za joto, nyuzi 43. Mchana wa kaskazi, katika jiko lenye dirisha moja na chungu motoni, friji ya daraja N imekwisha kuvuka mpaka wake kabla ya adhuhuri.

Basi kwa nini herufi hiyo, ambayo kwa mnunuzi wa Pemba ni muhimu kuliko maandishi yote mengine, imechapwa kwa wino wa sisimizi katika kibandiko cha nyuma au cha ndani, ilhali idadi ya lita imebandikwa mlangoni kwa tarakimu zinazosomeka ng'ambo ya barabara? Wapo wauzaji wanaojua lita, wanaojua rangi, na wanaojua bei ya mwisho na ile iliyo baada ya mwisho. Wakiulizwa friji yataka nafasi kiasi gani nyuma yake, hujibu kwamba hii imetoka Dubai. Dubai si kipimo. Na iliyotoka Dubai baada ya kutumika huenda ilikaa maisha yake yote katika jiko lenye kiyoyozi, ambako hata herufi N ilikuwa anasa.

Hata hivyo muuzaji huuza kinachoombwa, na haki ni kumtazama anayeomba. Friji pana hununuliwa aghalabu baada ya msimu, pale karafuu zilipokwisha kukauka majamvini na kupelekwa ZSTC, shirika la serikali ambalo kwa sheria ndilo mnunuzi pekee wa karafuu, au huletwa na jamaa aliyeko Maskati ambaye hajaliona jiko lenyewe. Anayeichagua, mara nyingi, ni mwanamme asiyepika. Ni yeye huyo pia aliyesimama na fundi siku ya kupiga kamba za msingi, yaani kuchora nyumba ardhini kwa uzi na mambo, akahakikisha kuwa chumba cha kulala kinaenea kitanda cha sita kwa sita na ukumbi unaenea seti ya makochi, kisha kilichobakia baina ya choo na uwa kikaitwa jiko. Kwa kitanda alichukua kipimo, kwa makochi alichukua kipimo. Mwenye kukaa humo jikoni tangu alfajiri hadi isha hakuulizwa hata anataka rafu upande gani.

Na mara nyingi alikuwa na jibu. Angetaka friza ya kulala, yaani kasha la kugandisha ambalo mfuniko wake hufunguka kwa juu na hauhitaji ukuta uupishe. Ambalo baridi yake, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na hukaa chini, haimwagiki kila linapofunguliwa. Na ambalo umeme ukikatika hukaa na baridi yake muda mrefu zaidi kuliko friji ya kusimama. Kwa kasha hilo angeuza barafu, malai na juisi ya ukwaju, hasa Ramadhani karibu na magharibi, na fedha za uniti zingerudi kabla mwezi haujaandama. Hoja hiyo hujibiwa kwamba kasha halipendezi ukumbini. Ukumbini! Maana ndiko friji pana inakoishia, baada ya jiko kuikataa: hufunikwa kitambaa cha kudarizi, hupigwa kufuli dhidi ya watoto, mgeni huisifu, na mpishi hukatiza uwa na mvua ya masika akifuata ndimu.

Anayekusudia kununua msimu huu apime mlango ulio mwembamba kuliko yote katika njia ya kuelekea jikoni, aulizie herufi T kabla ya kuuliza lita, na kabla ya hayo mawili, fedha pamoja na futi amkabidhi anayepika.