Jinsi ya Kusifiwa kwa Bustani Usiyoihudumia

Ndugu yangu, unataka wapita njia wasimame getini kwako wakitazama maua, lakini mgongo hautaki kuinama. Mahitaji ni mawili tu: bogenvilia na uvivu.

1. Usinunue mche. Ngoja jirani apogoe yake, umwombe "vile vijiti unavyovitupa." Chagua kilichokomaa, kinene kama penseli, kirefu kama shibiri. Kichomeke kwenye udongo wenye mchanga mwingi, ukiweke kivulini, ukiache wiki kadhaa. Jirani akija kuuliza mbegu nzuri hivyo umeitoa wapi, mwambie Arusha.

2. Hamishia penye jua kali, saa sita kwa siku au zaidi. Taratibu lakini, mizizi yake haipendi kubughudhiwa. Mwagilia mpaka ushike, kisha usahau. Hapa ndipo wenye bidii wanapoharibu: kila jioni mpira wa maji, kila mwezi yurea. Wanavuna majani! Ukishiba maji na mbolea hiyo, mmea unarefusha matawi tu; ukionja kiu kidogo, unachanua. Kwa hiyo mwenzio akikukuta umejilaza mkekani alasiri, mweleze bila haya kwamba unahudumia maua.

3. Maua yakipukutika, pogoa, maana machipukizi mapya ndiyo yanayochanua. Ile miiba mwachie kijana wa kumlipa. Wewe shika mkasi wakati wa kupiga picha.

4. Mgeni akisifu petali, mkatize kwa upole: rangi ile ni ya majani, ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati. Atakuona bingwa. Na mmea wenyewe, kama unavyoona, ni tapeli mwenzako.

5. Dhamiri ikikusuta kwa kujitwalia sifa, kumbuka historia. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini. Aliyeukusanya Brazil ni Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea katika msafara wa Wafaransa ulioizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Jina likaenda kwa mkuu wa msafara, Louis-Antoine de Bougainville. Bosi ni bosi.

Kama baada ya haya yote mikono bado inakuwasha kufanya kazi, panda nyanya. Zile hazina huruma na mvivu.