Inabeba Nini?

Mara ya kwanza nilianguka kabla sijatoka mjini Arua, Uganda, tena nikiwa nimesimama tuli. Viatu vya baiskeli za resi vina kipande kigumu chini ya soli, na kipande hicho hujibana kwenye pedali. Ukitaka kushuka sharti uzungushe kisigino kwa nje ndipo mguu uachiwe. Hayo niliyajua, na usiku wake nilikuwa nimeyafanyia mazoezi chumbani huku nimeegemea kabati. Lakini lori lilipokata mbele yangu pale kwenye kiplefti, mwili ulisahau masomo yote. Nikavuta mguu juu kama mtu anayeshuka baiskeli ya kawaida, mguu ukagoma, nami nikainamia kulia polepole, kama mgomba uliokatwa, mpaka nikalala barabarani na baiskeli juu yangu. Mtu anayeanguka kwa kasi huonewa huruma. Anayeanguka polepole hana mtetezi.

Vijana wa bodaboda walikuja mbio. Mmoja alinishika makwapani, mwingine akaanza kuikagua baiskeli wakati mimi bado nimefungwa ndani yake.

"Mwalimu," akasema, "hii haina karia. Inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

Akanitazama pale chini. "Haijakubeba."

Lawama zote nazipeleka kwenye televisheni ya hoteli ninayokunywa chai. Mwaka 2024, wakati wa Tour de France, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 na kuondoka na jezi ya kijani, na hotelini kila mtu akawa na ujomba naye: Waganda, Wakongo, Wasudani Kusini, hata mpishi. Mimi lakini kilichonichukua si mbio. Ni ile helikopta. Waendesha baiskeli wanahangaika huko chini, kamera inawaacha na kwenda zake kutazama kasri juu ya kilima, kanisa la mawe, kijiji chenye daraja la karne sijui ya ngapi, na mtangazaji anaeleza nani alijenga na nani alimnyonga nani. Nikajisemea: kutoka Arua hadi Koboko ni kilomita 50 na kitu tu, lami safi, na historia ipo. Kinachokosekana ni baiskeli nyembamba na mtu wa kuipanda.

Baiskeli niliuziwa na Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Haikuwa na karia, wala kengele, wala madigadi, wala stendi; ukitaka kuiegesha unaitafutia ukuta kama mlevi. Pamoja nayo alinipa kaptula ya kubana yenye sifongo makalioni, ambayo ukiwa umeketi ni raha, na ukitembea unafanana na mtoto aliyefungwa nepi. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa barazani nilipotoka alfajiri.

"Mwalimu, umesahau suruali!"

Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo suruali yenyewe. Hakujibu. Aliwaita watoto ndani.

Basi nikaanza safari, na kwa kuwa helikopta haikuwepo nikawa mtangazaji wangu mwenyewe. Nyuma yetu, mabibi na mabwana, ni kanisa kuu la Ediofe. Kushoto kwetu, ng'ambo ya mashamba ya mihogo, ni Kongo. Nchi hii yote tunayoipita iliitwa Lado, na kuanzia mwaka 1894 ilikodishwa kwa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, mpaka alipofariki mwaka 1909. Ndipo ikarudi kwa Sudan, na mwaka 1914 West Nile, yaani huku tuliko, ikaunganishwa na Uganda. Kasri za mfalme huyo msizitafute hapa. Hakuwahi kukanyaga. Wafalme wa Ufaransa walau waliishi na watu waliowaonea. Huyu wetu alitawala kwa barua.

Utangazaji uliishia hapo kwa sababu pumzi iliisha. Ramani ilinidanganya, au tuseme niliisoma kwa tamaa. Koboko iko chini kuliko Arua, na mtoto wa Tanga kama mimi, aliyejifunzia baiskeli kwenye tambarare za pwani, akisikia "chini" anaelewa mteremko mmoja mrefu mpaka mwisho. Kumbe nchi hii imekatwakatwa na vijito vinavyokimbilia Nile. Kila kijito kina mteremko wa nusu dakika, ambamo unajiona Girmay, na mlima wa dakika 10, ambamo unaikumbuka familia yako mmoja mmoja.

Kwenye mlima wa tatu nilipitwa na mbuzi.

Alikuwa amefungwa juu ya karia ya baiskeli ya chuma, zile nzito za Kihindi, ametazamishwa nyuma, kwa hiyo tulitazamana uso kwa uso kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Aliyemwendesha alivaa kandambili na koti la suti. Hakuwa na giya hata moja. Mimi nilikuwa nazo 20, nimeshazitumia zote.

"Mi ngoni?" akaniamkia kwa Kilugbara, bila kupunguza mwendo.

Jibu ni neno moja tu, *muke*, lakini sikuwa na hewa ya neno moja. Mbuzi akaitika kwa niaba yangu.

Nilipopita Maracha kidogo, gurudumu la nyuma likatoa sauti ya nyoka. Bahati nzuri katika nchi hii huwezi kupata pancha mahali ambapo hakuna fundi chini ya mwembe. Wangu alikuwa na beseni la maji, msasa, solusheni, na tyubu kuukuu zilizoning'inizwa kwenye tawi. Alichomoa tyubu yangu, akaizungusha majini kidogo kidogo kati ya vidole viwili mpaka mapovu yakapanda, akatia alama kwa kijiti cha kiberiti, akaikausha kwa shati lake na kuikwangua. Alipaka solusheni akaipulizia kama uji wa mtoto, akabandika kiraka, akakigonga kwa nyundo juu ya kibao mara tatu. Nimeona madaktari wasio na mikono ya namna hiyo.

Shida ikaja kwenye pampu. Tyubu za Kizungu zina valvu nyembamba kama sindano, na pampu ilishika vizuri lakini upepo haukuingia. Fundi akapampu, akachoka. Akaja mwuza chapati, akachoka. Nami nikasimama mbele yao, na kaptula yangu, nikatoa somo juu ya tofauti ya valvu za Ulaya na za kwetu, somo refu, lililopangika vizuri, na nikahitimisha kwamba pampu inayofaa hakuna mpaka Kampala. Nilipomaliza, mtoto wa miaka kama 8, aliyekuwa ameshika muwa, akasogea, akaigusa ncha ya valvu. Pale juu pana kinati kidogo sana. Akakizungusha mara mbili kwa ukucha. Upepo ukaingia.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Ili kubadilisha mazungumzo nikawasimulia habari ya Eugène Christophe. Mwaka 1913, katika Tour de France hiyo hiyo, uma wa baiskeli yake ulivunjika akiteremka mlima Tourmalet. Sheria ya wakati ule ilikataza msaada wowote. Akaibeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, na kwa mikono yake mwenyewe akaufua upya ule uma, saa kadhaa, huku wasimamizi wa mbio wamesimama wanamtazama. Alipomaliza wakampa adhabu ya dakika 10, kwa sababu mtoto mmoja alimvutia mivukuto.

"Dakika 10 kwa mtoto kupuliza moto?" fundi akashangaa. Akamtazama yule wa muwa, akanitazama mimi. "Na huyo Mfaransa alifua chuma mwenyewe. Wewe hata nati."

Nilikuwa nalipa ili nikimbie aibu, akasimama mchuuzi mmoja anayetoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, baiskeli yake imebeba mnara wa mabeseni ya plastiki. Aliizunguka baiskeli yangu mara mbili.

"Papa, hii kinga ni bei gani?"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kinga ni kitu cha kukukinga, na kitu pekee cha kunikinga nilichokuwa nacho kilikuwa kofia ngumu kichwani. Nikaivua nikamwonyesha uzito wake. "Elfu 40," nikasema.

"Makumi ine?" Macho yakamtoka. Akaangusha mabeseni yote, akageukia pembeni, akahesabu noti kutoka sehemu za nguo nisizozitaja, akanitia mkononi, akashika usukani. Nikashika kiti. Akavuta, nikavuta. Nilikuwa namsihi achukue kofia aiache baiskeli, naye akidhani nimeshaanza kugeuka maneno. Fundi alikuwa amekaa chini kwa kicheko, na ilichukua muda mpaka apate sauti ya kututafsiria Kiswahili kwa Kiswahili: "Mwalimu, kwao kinga ni baiskeli!"

Tulimalizana kwa soda mbili na radhi zangu. Lakini mpaka leo naamini yule bwana aliondoka na kisa cha mwalimu wa Kiswahili asiyejua Kiswahili, na huko Ariwara hana wa kumpinga.

Kabla ya Koboko nilisimama kuomba maji kwenye boma moja, na safari hii mguu ulitoka kwenye pedali kwa heshima zote. Upeoni ulikuwa Mlima Liru, ambako masimulizi ya Walugbara yanamweka shujaa wao Jaki, mmoja wa mababu wawili; wa pili, Dribidu, mwenye manyoya mwili mzima, wanamweka Mlima Eti, na inasemekana kabla ya hapo alikuwa na tabia ya kula watoto wake. Kamera ya Ufaransa ingelipa nini kwa mtu kama huyo!

Mzee wa boma nilimwamkia shikamoo, kwa mazoea tu. Akaitika marahaba barabara, jambo ambalo sikulitegemea. Kumbe aliwahi kuwa askari, na Kiswahili alikitoa jeshini. Akaniuliza kwetu ni wapi. Tanga, nikamwambia, Tanzania. Akanyamaza, akaitazama barabara.

"Watanzania walipita hapa 1979," akasema. "Walikwenda mpaka mpakani na Sudan, vita ikaishia huko. Sisi wa nyumba hii tulikuwa tumeshavuka. Tulikaa kule miaka."

Sikujua niseme nini. Nilishika kikombe cha maji kwa mikono miwili. Mzee akanishusha macho kutoka kichwani, polepole, mpaka kwenye kaptula.

"Lakini wale walikuwa na suruali."

Niliingia Koboko mchana, saa sita kamili baada ya kutoka Arua. Mtu wa mbuzi alikuwa sokoni, mbuzi ameshauzwa, yeye amekaa anakula enyasa, ugali wa huko, na mboga za majani za osubi. Akanisogezea kiti kingine, nikala naye. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Aliuliza lile lile: hii baiskeli inabeba nini?

Jioni ile ile nikaipeleka kwa fundi wa Koboko. Fremu za resi hazina matundu ya kufungia karia, kwa hiyo aliifunga kwa vipande vya tyubu, akavuta kwa meno, akapanda juu yake mwenyewe kuijaribu. Sikuthubutu kuangalia. Ilishika. Elfu 25, na kengele akanipa bure. Asubuhi nikanunua majogoo wawili, mmoja wa kupika na mmoja wa kumpoza mama mwenye nyumba, nikawafunga nyuma kwa mpira ule ule, nikaanza kurudi. Njia nzima watu waliniamkia, na hakuna hata mmoja aliyetaja kaptula.

Jogoo wa kupika alichomoka kwenye mteremko mmoja karibu na Maracha. Ni mweupe, mkia mweusi, ana kipande cha tyubu mguu wa kushoto. Ukimwona, mwachie fundi wa chini ya mwembe. Nitampitia Jumamosi.