Sufuria la Makongoro na Dansi la Idd Pili

Nyumbani kwetu Magomeni kulikuwa na vyama viwili, kila kimoja na bendi yake ya dansi. Baba alikuwa mtu wa Msondo. Mjomba, mdogo wake Mama aliyekuja mjini kutafuta kazi na kupewa chumba cha mwisho koridoni, alikuwa Sikinde damu. Mama alikuwa katikati, mke wa huyu na dada wa yule, na kwa sababu ndiye aliyekuwa akianika betri za redio juani zipate nguvu kidogo, ndiye pia aliyeamua redio iwashwe saa ngapi.

Baba aliifuata NUTA Jazz tangu ilipoanza mwaka 1964 kama bendi ya chama cha wafanyakazi, na ilipobadili jina kuwa JUWATA Jazz, Msondo ile ile, hakutikisika. Kilichomtikisa ni mwaka 1978, pale Muhiddin Maalim Gurumo, sauti aliyokuwa akiipenda kuliko zote, alipoondoka kwenda kuungana na wenzake kuanzisha Mlimani Park Orchestra, ndiyo hiyo Sikinde. Mjomba akalishika jambo hilo kama hati ya ushindi. "Shemeji, kisima kimehama," alikuwa akisema, "fuata maji." Baba naye anajibu bila kuinua macho kwenye gazeti: "Kisima hakihami. Kinachohama ni ndoo." Maneno hayo tuliyasikia mpaka sisi watoto tukawa tunayacheza uani, mmoja Baba, mmoja Mjomba.

Mwaka 1982 Mjomba alipata kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki. Idd ya kuchinja ilipokaribia akatangaza mezani kwamba siku ya pili ataichukua nyumba nzima kwenda dansi la mchana Mlimani Park, kule karibu na Mwenge, ikaisikilize Sikinde pale ilipozaliwa. Ilikuwa miaka migumu. Sabuni, sukari, unga, vyote kwa foleni. Mtu kutoa mshahara wake kuwalipia watu kiingilio na soda lilikuwa jambo kubwa, na hata Baba aliliheshimu. Alisema atakwenda, ila kwa ajili ya kumsindikiza mkewe tu. Mama alikuwa hajawahi kukanyaga dansini maishani mwake.

Asubuhi ya Idd pili mkosi ulianzia kwenye pasi. Ilikuwa pasi ya mkaa, na kaa dogo likaruka kupitia tundu la pembeni likatua kwenye shati jeupe la Baba, upande wa kulia wa kifua. Kabla Mama hajalipangusa, tundu la ukubwa wa senti tayari. Baba hakuwa na shati lingine la kutokea. Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa amekuja kutoka Maneromango kula nasi sikukuu, aliomba sindano, akakata kitambaa ndani ya upindo wa chini, akashona mfuko pale pale kwenye tundu. Alishona taratibu, kwa mishono midogo kama ya mashine, na alipomaliza Baba akawa na shati la mifuko miwili. Alilitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akamwambia, "Ahsante, Mama," kwa sauti ambayo sikuwa nimeizoea.

Makongoro yalikuwa jikoni tangu saa nne. Nyama ya sadaka ilikuwa imekwisha jana yake, na miguu ile minne ya ng'ombe ndiyo ingekuwa chakula cha usiku cha nyumba nzima na wageni. Mama alikuwa amelihamishia jiko la mkaa ndani ya stoo, kwa kuogopa paka wa uani. Mpango ulikuwa kwamba Bibi hatakwenda. Angebaki, angeongeza maji, angepunguza moto. Tulipokuwa tukivaa viatu, Bibi akatokea mlangoni amejifunga kanga mpya, doti nzima, na kilemba. "Ngoma inapigwa mchana kweupe nami nibaki nachunga sufuria?" Hakuna aliyethubutu kumjibu. Mjomba akacheka, akampa mkono, na msafara ukatoka. Wapangaji wengine walikuwa wametawanyika kwa ndugu zao. Baba akafunga mlango mkubwa kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye ule mfuko mpya.

Mama alidhani Bibi ameyaipua. Bibi alidhani Mama. Mjomba alikuwa akiwaza kiingilio, na Baba alikuwa akiwaza Gurumo.

Nilikuwa darasa la tatu. Nyimbo za bendi ile nilizijua zote kwa redio, na niliamini nimeshazisikia. Tuliketi kwenye benchi karibu na spika, na jambo la kwanza lililonishangaza halikuwa waimbaji. Ilikuwa soda yangu. Besi ilipoanza, maji yale mekundu ndani ya chupa yalitetemeka, duara ndani ya duara, kabla hata sijaielewa sauti yenyewe. Kisha nikaisikia kifuani. Redio yetu haikuwa na besi. Miaka yote ile nilikuwa nasikiliza muziki uliokatwa miguu.

Mpiga tumba alikuwa amefunga plasta kwenye vidole. Niliviangalia vidole vile kuliko kitu kingine, jinsi vilivyotua na kuinuka, na jinsi alivyokuwa akimtazama mpiga dramu badala ya kuzitazama ngoma zake. Magitaa yalikuwa kadhaa na kila moja lilisema la kwake: solo linapanda, lile la pili linalifuata kwa chini, ridhimu inashona katikati. Wapuliza walikaa kimya mpaka mwimbaji amalize ubeti, ndipo saksafoni na tarumbeta zikamjibu kwa pamoja.

Na hapa nataka kusema jambo kwa wanaoijua Sikinde kwa kanda na kwa simu tu. Nyimbo hizi zina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni hadithi: mke, mume, mtoto, talaka, fedha. Nusu ya pili ni chemko, pale waimbaji wanapoiacha hadithi, mwendo unakaza, magitaa yanapokezana na watu wanainuka. Katika kanda chemko ni la dakika chache. Katika vipindi vya salamu mtangazaji alikuwa akilipunguza sauti ili asome majina. Ukumbini chemko halina haraka na mtu. Linakwenda kadiri watu wanavyotaka, na wapigaji wanawasoma wachezaji usoni ili kujua waendelee au waishe. Wimbo unatengenezwa na pande zote mbili, na asiyekuwepo hakuusikia wote.

Bibi aliinuka kwenye wimbo wa pili. Alikaza kanga kiunoni, akaingia katikati kwa hatua fupi fupi, mabega yametulia, kiuno kinafanya kazi yote. Vijana wakampisha. Mpiga tumba akamwona, akageuza mapigo kidogo, na Bibi akayapokea. Aliporudi kwenye benchi anahema akawaambia Baba na Mjomba, "Hii sikinde ni ngoma yetu Wazaramo, wameivisha magitaa tu. Na msondo nao tunaupiga kwetu, ile ngoma ndefu, mwali akitoka. Sasa nyie mnagombania nini?" Baba alimtazama Mjomba. Mjomba alimtazama Baba. Soda zikaagizwa tena, na safari hii aliyelipa ni Baba.

Kisha bendi ikaingia wimbo ambao Mama alikuwa akiuimba kila siku akipepeta mchele. Aliketi wima, mikono juu ya mapaja, midomo inafuata kila neno. Chemko lilipoanza nilimwona amegutuka, akashika kifua, akafungua mdomo kama anayetaka kumwambia Baba kitu. Halafu akaufunga. Magitaa yakapokezana, na Mama akasimama, akacheza pale pale mbele ya benchi, macho amefumba. Hakuketi mpaka wimbo ulipokwisha. Ndipo akamwinamia Baba sikioni, na Baba akaruka kama aliyeungua.

Basi lilichukua muda wake. Tulipofika Magomeni giza lilikuwa limeingia na majirani wamejaa barazani. Kufuli lilikuwa limevunjwa kwa nondo. Sufuria lilikaa katikati ya uani, jeusi ndani na nje, limepasuka chini. Mkeka wa stoo ulikuwa umeungua nusu, ukuta umefuka moshi mpaka kwenye bati, lakini moto ulizimwa kwa ndoo za majirani kabla haujavuka mlango. Mama aliwashika mikono mmoja mmoja, akilia, akiwashukuru. Wageni wa usiku walikula mkate na chai, na majirani wote wakala nasi.

Kesho yake ndipo lilipoanza baraza la nani alaumiwe. Baba alimtaja Mjomba aliyeharakisha watu. Mjomba alilitaja kufuli. Bibi alisema yeye hakuajiriwa kuchunga sufuria. Mama aliwaacha wamalize wote.

"Nilikumbuka," alisema. "Tukiwa kule kule. Chemko lilipoanza tu nikayakumbuka makongoro."

Baba akamuuliza kwa nini basi hakusema saa ile.

"Ule wimbo nimeusikia miaka yote ukikatwa," Mama akajibu. "Nilitaka nijue unaishaje."

Hakuna aliyemkemea. Baba alikwenda kununua kufuli jipya, na sufuria jingine wakachangia yeye na Mjomba nusu kwa nusu.

Idd iliyofuata ilikuwa zamu ya Msondo. Mama alipika makongoro usiku wa kuamkia sikukuu, akayaipua, akaumwagia mkaa maji yeye mwenyewe. Mchana alifunga mlango mkubwa, akaufungua tena kwenda kulitazama jiko, akaufunga, kisha akatutangulia sote kituoni akituhimiza tusije tukaukuta wimbo wa kwanza umekwisha.