Marehemu Alihudumu Katika Idara ya Usalama

Ukisema unasomea udaktari, watu wa kwetu Matete wanakuonyesha goti linalowauma. Ukisema unasomea ualimu, wanakuletea mtoto aliyekataa hesabu. Mimi nilisema nasomea uandishi wa habari pamoja na uandishi wa kubuni, vyote ndani ya digrii moja. Wakanyamaza kidogo wakingoja nimalize sentensi. Kisha wakaniletea marehemu.

Si mwili, mwili uko mochari. Ninaletewa maisha yake, yameandikwa nyuma ya risiti ya mbolea, pamoja na amri: "Wewe si ndiye unasomea kuandika? Tuandikie wasifu. Programu inaenda saiba kesho asubuhi." Malipo hayatajwi. Kwa maoni ya kamati za mazishi za upande huu, karo hutafutwa kwa mkopo wa HELB, kwa ng'ombe na kwa kupiga magoti, lakini maneno huota yenyewe kama mrenda.

Nieleze kwanza hiyo kozi, maana hata baba, anayeilipia, huwaeleza watu jambo tofauti kila Jumapili. Jumatatu asubuhi tunaye mwalimu wa habari. Huyu anataka nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi, na anavitaka vyote aya ya kwanza, kabla chai yake haijapoa. Jumatatu mchana, ukumbi ule ule, viti vile vile, anaingia mwalimu wa ubunifu. Huyu ukishamwambia msomaji kila kitu katika aya ya kwanza anashika kichwa na kuuliza sasa aya ya pili inakuja kufanya nini.

Muhula uliopita trekta ya miwa ilipinduka karibu na soko letu, hapa kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Nilikuwepo. Nikasema Mungu ni mwema, kazi za madarasa mawili zimepatikana kwa mpigo mmoja. Nikaandika kwamba trekta ilianguka kwa bahati mbaya, dereva akatoka akijipapasa, na kabla vumbi halijatua nusu ya soko ilikuwa imeinama ikivuta miwa. Mwalimu wa habari alikata "kwa bahati mbaya" kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Bahati mbaya umeihoji?" Akakata "nusu ya soko": watu wangapi, wanaitwa nani? Akakata vumbi, kwa kuwa polisi hawakulitaja. Zikabaki sentensi mbili na jina la barabara. Nikayachukua maneno yale yale kama yalivyokuwa kabla hayajakatwa, nikampelekea wa ubunifu. Yeye akataka kujua dereva alikuwa akiwaza nini trekta ilipoanza kulala. Nikamwambia sijui. "Basi jua," akanijibu. "Hiyo ndiyo kazi yako."

Sielewi ni nani aliyekaa akaona hawa wawili waishi chini ya paa moja. Kila muhula yule wa habari lazima atusomee kesi ya Janet Cooke wa Washington Post, na huisoma kwa sauti ya mahubiri. Mwaka 1980 mama huyo aliandika habari ya mtoto wa miaka minane anayedungwa heroini. Jiji zima likashtuka, polisi wakaanza kumsaka mtoto huyo mitaani ili aokolewe. Aprili 1981 mwandishi akatunukiwa Pulitzer, na haukupita muda akakiri kwamba mtoto hajawahi kuwepo. Tuzo ikarudishwa. Akifika hapo mwalimu hutulia, akatutazama mmoja mmoja sisi wenye mguu upande wa pili. Nilipomfikishia wa ubunifu kesi hiyo hiyo, alivua miwani akaifuta. "Kosa lake ni ukurasa tu," alisema. "Angeiweka kwenye kitabu cha hadithi angekuwa na tuzo mpaka leo." Mtihani ulitoka wiki iliyofuata, na walimu wote wawili waliuliza swali kuhusu ukweli. Mtu anabaki akitafuna kalamu.

Wapo waliozimudu kazi zote mbili, na wazazi wangu wanawajua kuliko wanavyonijua mimi. Mohammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa mhariri wa magazeti, na juu ya uhariri huo akatuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960. Wahome Mutahi alikuwa mwanahabari, akaandika riwaya, akaandika tamthilia, na kila Jumapili kwenye safu yake ya Whispers akamwanika mkewe mbele ya nchi nzima kwa jina la Thatcher. Nilipomsimulia mama habari hiyo nikidhani atacheka, aliweka mwiko chini. "Andika mtu yeyote unayemtaka. Siku utakayoniandika mimi, karo utaiomba kwa huyo Thatcher." Kwa hiyo mama hayumo katika safu hii, na aliyesema maneno hayo ni mwanamke mwingine kabisa.

Baba silaha yake ni Ken Walibora. "Si alikuwa wa huku kwetu? Usiku anasoma habari kwenye runinga, asubuhi vitabu vyake viko shuleni." Sipingi. Siku Njema ilitoka 1996, na Kidagaa Kimemwozea ilitesa watahiniwa wa KCSE, nami nikiwa karibu kabisa na mateso hayo. Ila ninapomkumbusha baba kwamba Walibora alisomea fasihi na Kiswahili Chuo Kikuu cha Nairobi, halafu akaenda kuchukua uzamifu Ohio kule Marekani, hunijibu, "Basi na wewe nenda Ohio," kisha anauliza chenji ya nauli ya juzi iko wapi.

Turudi kwa marehemu.

Wasifu wa matanga una njia yake na haupindi: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, wokovu, kuugua. Kila kituo hapo madarasa yangu mawili hushikana mashati. Chukua mzee tuliyemzika likizo ya Agosti. Kitambulisho kinasema alizaliwa 1944. Senje, dada yake, anasema ulikuwa mwaka wa nzige. Mwenzake wa rika la Maina anasema 1944 ni ya serikali, si ya marehemu. Nilikuwa bado naandika "miaka ya arobaini" nikidhani nimepita salama, mzee mmoja wa kamati akasimama na fimbo yake akataka iingizwe kwamba marehemu alipigana na Wazungu kwenye ngome ya Chetambe.

"Kuka," nikasema kwa adabu zote, "vita vya Chetambe vilikuwa 1895."

Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo maana nasema alikuwa shujaa."

Elimu: "Aliacha shule kwa ukosefu wa karo." Sentensi hii huandikiwa kila mwanamume wa umri ule, nadhani saiba wanayo tayari kwenye kompyuta. Senje, waliyekaa naye dawati moja, aliniinamia sikioni akaniambia karo ilikuwepo. Kilichokosekana shuleni ni marehemu.

Kazi ndiyo iliyotulaza macho. Mzee alikuwa bawabu Pan Paper, kiwanda cha karatasi cha Webuye. Kazi halali, iliyosomesha watoto na kujenga nyumba ya mabati, na kila jioni alirudi na ile harufu ya kiwanda ambayo watu wa Webuye waliilaani hadi siku ilipokoma, wakaanza kuitamani. Lakini wanawe hawakutaka "bawabu" kwenye karatasi ya rangi ambayo mheshimiwa ataishika. Mmoja alipendekeza "meneja". Mwingine, mwenye haya kidogo, "meneja msaidizi". Tulibishana hadi taa ya sola ikaanza kupepesa, ndipo ikapatikana: "Marehemu alihudumu katika idara ya usalama." Nawaomba walimu wangu waisome hiyo sentensi polepole. Haina uongo hata herufi moja, na haina ukweli wa kumwaibisha mtu. Digrii nzima imo humo. Nilikuwa nimeanza kujivunia, kifungua mimba akaniambia niongeze "hadi alipostaafu mwaka 2015".

"Lakini Pan Paper ilifungwa 2009. Alikuwa analinda nini?"

"Kiwanda," akajibu.

Ikafuata ndoa. Darasani tumefundishwa kwamba habari nzito huthibitishwa na vyanzo viwili visivyotegemeana. Vyanzo vyangu vilikuwa wajane wawili, na watu wasiotegemeana kuliko hao sijakutana nao. Mama mkubwa alihesabu watoto wa marehemu, wakawa saba. Mama mdogo akahesabu, wakawa watano, na hakuna jina lililokuwa kwenye orodha zote mbili. Nikajumlisha, nikawasomea, wote wakanuna kwa pamoja, nikajua hesabu ni sahihi. Asubuhi ya mazishi, programu zikiwa zimeshachapishwa, matatu kutoka Moi's Bridge ikashusha mama wa tatu na vijana wawili warefu wenye masikio ya marehemu. Ushahidi wa masikio hatujafundishwa. Mwenyekiti wa kamati hakusema neno. Alinikabidhi kalamu ya bluu na rundo lote la programu, nikae kwenye jiko la nje niongeze majina kwa mkono.

Kuugua sitakukawiza: "aliugua kwa muda mfupi". Hata kama ni miaka minne.

Basi baada ya uhariri wote huo, ukafika wakati wa kusoma wasifu, na mheshimiwa naye akafika na magari yake. Msema chochote akaangalia saa, akaangalia mheshimiwa, akashika kipaza sauti. "Wasifu mtajisomea, uko kwenye programu." Walioniahidi kunitambulisha kama mwandishi walikuwa wakitafuta kiti cha mgeni. Nikaangalia wasomaji wangu. Wengine walikuwa wanajipepea na wasifu. Mama mmoja aliutandika chini kwa makini, upande wa picha ukiwa juu, akaona si heshima kumkalia marehemu usoni, akaugeuza, akaketi.

Hilo ningelimeza. Lililonikwama ni kumuse.

Watachoni na jirani zao Wabukusu wana desturi hii kwa wazee wa hadhi. Mazishi yakishapita, watu hukusanyika tena, wanaketi, wanaacha nafasi katikati, na mzee anayejua kazi hiyo husimama na fimbo yake, akawa anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, akisema. Hana karatasi. Hana msema chochote wa kumkatiza. Mtu hapiti mbele yake. Siku ya mzee wetu, hata wale watoto waliokuwa wakipiga kelele wakati wa ibada walikaa kimya hadi nikawahofia.

Nilifungua daftari nikatafuta aya yake ya kwanza: nani, nini, lini. Alianzia Misri. Akatoka Misri bila haraka, akapita Mlima Elgon, akataja koo, nani alimwoa nani na nani alimnyima nani ng'ombe, akafika Chetambe akatuhesabia waliokuwepo, na marehemu hakuwa mmoja wao. Yule kuka wa kamati alikuwa anaangalia viatu vyake. Marehemu mwenyewe alikuja kutokea jua limeshaanza kuinama. Mwalimu wa habari angekuwa amekata yote hadi hapo. Nilitamani sana kuuliza chanzo cha ile Misri, lakini napenda uhai.

Kisha akasema yote niliyokatazwa. Kwamba marehemu alikuwa bawabu, tena bawabu wa kutisha, aliyemkamata shemeji yake mwenyewe akitoka na waya wa kampuni chini ya koti na kumrudisha getini. Watu wakacheka, na shemeji akacheka, maana yuko hai. Akawataja wake watatu kwa majina na kwao, na wale vijana wa masikio akawaita wasimame waonekane. Akawageukia wana waliokwisha kupima shamba kwa macho, akawaambia maneno ambayo mimi sitayaandika hapa kwa kuogopa kushtakiwa. Hakuna aliyesema "bawabu" liondolewe. Hakuna aliyetaka "meneja". Yule kifungua mimba wa 2015 alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Sasa niambieni. Mzee yule hana kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari, hajawahi kununua kamera kwa pesa za chakula, hajui kama kuna mtihani wa maadili unaokuja muda mmoja na mtihani wa hadithi fupi. Anafanya peke yake, kwa miguu, kile ambacho chuo chetu kimekigawa kwa walimu wawili wasiosalimiana. Na mimi ndiye mwenye deni la HELB. Nilipomweleza baba uchungu huo alifikiri kidogo, akaniuliza kama yule mzee anachukua wanafunzi na ni pesa ngapi kwa muhula.

Tangu siku hiyo sifa zangu zimevuka mto, na wateja wamebadilika. Wiki jana alikuja jirani mmoja wa makamo ya mwisho, gambuti miguuni, daftari la kurasa arobaini na nane kwapani. Ana afya kuniliko. Alisema ameona mambo ya kamati na hawaamini wanawe, kwa hiyo anataka wasifu wake uandikwe sasa, yeye akiwa anasikia. Akaketi, akaanza kunisomea. Shule aliacha kwa ukosefu wa karo. Kazi, alihudumu katika idara ya usalama, ingawa namjua ni fundi wa baiskeli. Mwishoni akasema niandike kwamba alifariki akiwa na umri wa miaka mia moja na miwili. Nikamwambia maadili yetu hayaniruhusu kuandika jambo ambalo bado halijatokea.

"Wewe andika," akasema. "Hiyo nitajitahidi."

Tukaingia kwenye bei. Nilianza juu, nikashushwa, tukakutana kwenye shilingi elfu moja: mia mbili taslimu, na mia nane atanilipa mwenyewe siku ya mazishi, akishasikia jinsi ilivyosomwa.