Ughaibuni Hakuna Tena Pa Kutilia Chumvi

Ndugu zangu wa nyumbani, niko London. Nasikia mnalalamika kwamba simu imeua ujasiri wa safari, kwamba siku hizi hakuna anayepotea. Hapo sikubaliani nanyi. Kupotea kupo: ramani ya simu hukuongoza kwa sauti nyororo hadi kwenye ukuta wa nyuma wa jengo, ikatangaza kuwa umefika. Aliyebadilika si msafiri, ni msikilizaji wake. Safari ilikuwa na maajabu kwa sababu aliyebaki nyumbani hakuwa na pa kuyahakikishia.

Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325, akapita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kisha akaishi India. Aliporudi kwao akasimulia utajiri wa Sultani wa Delhi, mwanahistoria Ibn Khaldun anaeleza kuwa watu walinong'onezana kwamba ni mwongo. Wangefanya nini zaidi ya kunong'ona? Na Salim bin Abakari alipoandika habari za safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, nani huko pwani angembishia? Leo mjomba aliyekaa barazani Tanga anazunguka mitaa ya Peckham kwa kidole, anasoma hadi vibao vya maduka. Shangazi naye kaomba lokesheni, na kidoti chako hakijasogea tangu asubuhi, ilhali ulisema una kikao katikati ya jiji.

Mtasema afadhali, maana wapo waliouza shamba kwa kuamini maneno ya mwosha vyombo aliyejiita meneja. Ni kweli, na huyo simtetei. Mwingine atasema simu nayo hudanganya, mtu akijipiga picha kando ya gari la jirani. Naam, lakini huo ni uongo wa kivivu, Big Ben nyuma, meno mbele. Chumvi ya zamani ilitaka kipaji, na msikilizaji naye alikuwa na kazi ya kujijengea jiji kichwani. Sisi tumebakiwa na yale yasiyoingia kwenye kamera, kama harufu ya nguo zilizoanikwa sebuleni siku tatu zikagoma kukauka. Tulikuwa na giza la Desemba pia, jua linapozama kabla ya saa kumi jioni. Nalo tukianza tu kulisimulia, mnatukatiza kwamba mmeshaona, na kesho kuna barafu, tuvae soksi mbili.