Jinsi ya Kuhakikisha Aliyefeli Anabaki Amefeli

Mwalimu mwenzangu, mambo yameharibika. Siku hizi kuna walimu wa sekondari, hasa hawa waliotoka chuoni juzi, wanaomruhusu mwanafunzi arudie jaribio la mada alilofeli. Mtoto anapata 31, anarudi kusoma, wiki inayofuata anapata 74, na mwalimu bila aibu anaandika 74. Tukiliachia hili, darasa zima litaelewa aljebra, na sijui mstarini tutamwita nani kilaza.

Anza na karatasi: usiirudishe. Mahali pa karatasi iliyosahihishwa ni juu ya kabati la ofisi ya walimu, chini ya maandalio ya somo ya mwaka juzi, mpaka mada yenyewe isahaulike. Mwalimu wa taaluma akikubana, irudishe, ila hakikisha haimwambii mtoto chochote zaidi ya alama.

Chukulia binti mmoja wa kidato cha pili. Ameulizwa 7 − (x − 3), akaandika 7 − x − 3, jibu lake likawa 4 − x badala ya 10 − x. Swali linalofuata hivyo hivyo. La mwisho hivyo hivyo. Mwenye macho ataona kwamba huyu kujumlisha anajua na kutoa anajua. Asichojua ni kwamba alama ya kutoa iliyokaa mbele ya mabano inageuza kila kilichomo ndani. Hana makosa sita, ana kosa moja alilolirudia mara sita, na dawa yake ni dakika tano za ubaoni. Wewe usilione. Andika 31% kwa wino mwekundu, izungushie duara, chini yake weka “Ongeza bidii”. Maneno hayo yamedumu shuleni miaka mingi kwa sababu hayamwelekezi mtu popote.

Mzazi akija kulalamika na kukukumbusha kwamba kosa moja haliachi mke, mjibu kwa upole kwamba wahenga hawakuwahi kusahihisha Hisabati.

Ikitokea umelazimishwa kuruhusu marudio, bado hujashindwa. Wape jaribio lilelile, maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, wakariri majibu tu. Au wape kesho yake saa ya chai, kabla hujafundisha chochote, kisha utangaze kwamba nafasi ya pili walipewa na bado wamefeli. Yote yakishindikana, tumia wastani. Aliyepata 20 mwanzo na 80 baadaye, mwandikie 50. Mabano ameshayaelewa, lakini ujinga wake wa mwezi uliopita unaendelea kukatwa kwenye alama zake kama mkopo wa saccos.

Jihadhari pia na vitabu. Uasi huu una wazee wake. Mwaka 1968 Benjamin Bloom, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika kwamba jaribio dogo litumike kuonyesha mtoto amekwama wapi, afundishwe pale pale kwa njia nyingine, halafu apimwe tena. Wanaomfuata unawajua kwa masharti yao. Kwao harudii mtu mpaka alete karatasi ya kwanza, kila kosa amelisahihisha na kueleza kwa maneno yake alikosea wapi. Maswali ya mara ya pili ni mengine, ugumu ni uleule. Na alama inayoandikwa ni ile ya mwisho. Sharti la kwanza ndilo la hatari zaidi, maana linawachuja wavivu bila fimbo, na wewe fimbo umeshainunua.

Usahihishaji, hapo una hoja, na hapo sikutanii. Mwenye mikondo minne ya wanafunzi sabini sabini ana karatasi 280 kwa jaribio moja, na hakuna anayemlipa kuzisahihisha mara mbili. Kwa hiyo shikilia hoja hiyo kwa mikono miwili, na usikubali kusikia kwamba wanaorudia ni waliofeli tu, tena pale walipofelia tu. Karatasi ya marudio ya binti yetu ingekuwa na maswali manne ya mabano; unaisahihisha chai haijapoa.

Hoja yako kuu iwe hii: “Maisha hayana marudio.” Iseme ukiwa umekunja uso. Shida ni kwamba watoto wana ndugu. Kaka yao alipata sifuri kidato cha nne, akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akarisiti. Dada yao yuko chuo kikuu na ana sapu mbili. Wapo na mawakili watarajiwa: matokeo yaliyozua gumzo Oktoba 2022 katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalionyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, na 342 wakaambiwa wakarudie mitihani. Hao ni watu wazima wenye shahada. Wa kidato cha pili, mwenye miaka kumi na mitano, ndiye anayepaswa kupatia mara ya kwanza.

Kuna swali moja tu ambalo mwongozo huu hauna jibu lake. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei serikali ikayafuta matokeo, yakapangwa upya. Hakuna mtahiniwa aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Waliorudia ni wakubwa, na alama iliyoandikwa ni ile ya pili, bila wastani. Mwanafunzi akinyoosha mkono na kuuliza kuhusu hilo, mpeleke akafyeke nyasi nyuma ya maabara.